Silikanti si nduguye changu: uzi wa majina ya viumbe, watu wa Tanga karibuni

#1 Kidau

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilishuka soko la samaki la Deep Sea kutafuta changu wa mchuzi, nikakuta ubishi umepamba moto. Kijana mmoja mwanafunzi anamweleza muuza samaki kuwa silikanti ni "samaki wa kale". Muuzaji, mtu wa makamo, kisu mkononi, anamjibu: "Kale kitu gani? Huyu changu kwani babu zake walizaliwa jana? Samaki ni samaki."

Nimefundisha bailojia miaka mingi na sasa nimestaafu, lakini ugonjwa wa kimbelembele haujanitoka. Nikadakia: "Silikanti yuko karibu kiukoo na wewe unayeuza kuliko na huyo changu unayempara."

Soko zima kicheko. Muuzaji akanitazama, akamtazama changu, akasema: "Mwalimu, heshima yako, lakini hapo umenitukania ukoo." Nikaahidi kuandika, na ndiyo huu uzi.

Tuanze na mwenyewe. Kisayansi anaitwa Latimeria chalumnae. Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi ilirudi bandarini East London, Afrika Kusini, ikiwa imevua upande wa mlango wa mto Chalumna. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji ule, akaenda kupekua lundo la samaki, akaona pezi la buluu ambalo hajapata kuliona. Alimwandikia mtaalamu J.L.B. Smith, na mwaka 1939 Smith akamtangaza: Latimeria kwa heshima ya yule dada, chalumnae kwa ajili ya mto. Hadi siku hiyo wataalamu walikuwa wakimjua kwenye mawe tu, wakiamini kuwa ukoo wake ulikwisha miaka milioni 66 hivi iliyopita.

Sasa lile la ukoo. Pezi la changu ni miiba iliyovishwa ngozi. Pezi la silikanti lina nyama na mifupa ndani, limekaa kama mkono uliokatizwa. Yeye, kamongo wa Ziwa Victoria, chura, mjusi, kuku, ng'ombe na mimi tunatokana na babu mmoja ambaye changu si mjukuu wake. Vinasaba vya silikanti viliposomwa na kuchapishwa mwaka 2013 ikaonekana kwamba kamongo yuko karibu nasi hata zaidi yake, lakini wote wawili wanamwacha changu mbali.

Kufanana sura si hoja. Ijumaa msikitini wote tumevaa kanzu na kofia, nani atasema sisi ni wa tumbo moja? Bahari nayo ina kanzu yake: mwili mrefu, mapezi, mkia. Papa kaivaa, changu kaivaa, nyangumi kaivaa. Nyangumi ukimvua kanzu unamkuta nduguye kiboko.

Nachajisha simu, naendelea.

#2 Mla Ugali

Nimetandika mkeka. Endelea mkuu.

#3 Fundi Jarife

Mwalimu shikamoo. Sisi wa Kigombe huyo hatukumjua kwenye kitabu. Miaka ile ya 2004 na 2005 alikuwa akiingia kwenye jarife usiku, unavuta unadhani papa, kumbe yeye, macho yanang'aa. Wakaja watu na makamera, na mwaka 2009 ikawa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kwetu alikuwa na sifa moja: nyama mafuta matupu, hakuna mteja.

Ninachouliza ni hiki. Sisi tuna majina yetu, na si kidogo. Changu peke yake tunamgawa: changu doa tunamtambua kwa doa la ubavuni, na wengine kwa mdomo, kwa rangi, kwa mwamba anaokaa. Hayo ya Kilatini yana kazi gani ambayo yetu hayafanyi?

#4 Kidau

Marahaba Fundi. Swali lako ndilo kiini cha uzi, kwa hiyo sitalijibu kwa mkato.

Jina la mvuvi linajibu maswali ya mvuvi: analika? anakaa wapi? bei gani? Kwa maswali hayo ni jina bora kuliko la kwangu. Mkiita changu doa, mwenzako wa Sahare anajua ulichobeba. Shida inaanza jina likisafiri.

Chukua dagaa. Nenda sokoni Ngamiani utakuta dagaa mchele wa hapa pwani, dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza kwenye meza moja. Ukiuliza, wote dagaa. Yule wa Kigoma, hasa Stolothrissa tanganicae, ni wa ukoo wa saladini, na dagaa mchele wetu yumo katika oda hiyohiyo, yaani kundi moja kubwa linalokusanya koo kadhaa. Wa Mwanza anaitwa Rastrineobola argentea, na hana undugu wa karibu nao hata kidogo, oda yake ni ya akina ningu. "Dagaa" maana yake ni samaki mdogo anayeanikwa na kuuzwa kwa kopo. Ni jina la biashara na jiko, si la nasaba.

Jikoni nako kuna viazi. Kiazi mviringo ni Solanum tuberosum. Kiazi kitamu ni Ipomoea batatas, ukoo mwingine kabisa. Ndugu wa kweli wa kiazi mviringo unao bustanini bila kujua: nyanya, bilinganya, nyanya chungu, mnavu. Wote hao jenasi yao ni Solanum. Mpishi wa kisamvu asingewaweka kikapu kimoja, ila ua lao ukiliangalia vizuri, lile la nyota yenye ncha tano, unaona sura ya familia.

Kabla ya Carl Linnaeus wa Uswidi (1707–1778) jina la kitaalamu lilikuwa sentensi nzima. Nyanya iliitwa kitu kama "Solanum lenye shina laini lisilo na miiba, majani yaliyogawanyika na kuchanika". Hebu mwagize mtoto dukani kwa jina hilo. Linnaeus akakata: maneno mawili, basi. La kwanza la jenasi, linaanza kwa herufi kubwa. La pili la spishi, herufi ndogo, hata likiwa limetokana na jina la mtu au mji. Yote mawili huandikwa kwa mlazo, na ukiandika kwa kalamu unayapigia mstari chini. Ni mpangilio wa orodha ya mtihani, jina la ukoo mbele, la mtoto nyuma.

Kwa mimea majina yanaanza kuhesabiwa kwenye kitabu chake cha 1753, na kwa wanyama kwenye toleo la kumi la kitabu chake kingine, la 1758. Wawili wakikipa kiumbe kimoja majina tofauti, la zamani ndilo linalobaki. Alipangilia ngazi saba: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi.

Na hilo neno "ngeli" lisikupite hivihivi. Sisi tunaosema Kiswahili tunapanga viumbe kila tukifungua mdomo. Sema: "kiboko kimelala". Mtoto wa darasa la pili atakusahihisha: "kiboko amelala" (kile cha kuchapia ndicho kinacholala chini na ki-). Kipepeo, kifaru, kiroboto, wote umbo lao ni la ki-vi, lakini upatanisho wao ni wa a-wa kwa sababu wana uhai. Maana yake lugha yetu iligundua zamani kuwa umbo la nje linaweza kusema hili na asili ikasema lile. Nyangumi ni kipepeo wa namna hiyo: umbo la samaki, upatanisho wa ng'ombe.

#5 Siafu Mwekundu

Uzi mzuri, ila mwalimu umeteleza. Linnaeus hakuwa na ngazi saba. Alikuwa na himaya, ngeli, oda, jenasi na spishi. Faila ililetwa na Ernst Haeckel wa Ujerumani mwaka 1866, na familia iliingizwa kwenye ngazi hizo baada ya Linnaeus. Tena himaya zake zilikuwa tatu: wanyama, mimea na mawe! Alipanga hadi madini.

#6 Kidau

Siafu umeniuma mahali pake. Kweli kabisa, nimechanganya alichoanzisha yeye na kilichoongezwa juu. Juu ya himaya siku hizi kuna domeni tatu, alizopendekeza Carl Woese na wenzake mwaka 1990 baada ya kulinganisha molekuli badala ya sura.

Na kwa kuwa umemtaja, Linnaeus mwenyewe awali alimweka nyangumi kwa samaki. Ni kwenye toleo hilo la 1758 ndipo alipomhamishia kwa wanyonyeshao. Kwa hiyo yule muuzaji wa Deep Sea asione haya.

#7 Mwana wa Barabara ya Kumi na Tatu

Mimi nasema wazi. Huu ni ukoloni umevaa koti la maabara. Mzungu anakuta ua bibi yangu analijua tangu azaliwe, anajiandika jina lake juu, halafu tunaambiwa "limegunduliwa". Nani kagundua nini?

#8 Mla Ugali

Ehee, sasa uzi umechangamka. Chai tafadhali.

#9 Mjukuu wa Amani

Mwana wa Kumi na Tatu ana hoja, tusimcheke. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi Amani, kule juu Usambara Mashariki, kwenye bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa kukausha mimea katikati ya karatasi na kuipiga pasi ya mbao. Jina lake halimo kwenye ua lolote.

Mfano mkubwa uko hapahapa. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya wakati wa Wajerumani. Mwaka 1892 alichukua kiua kidogo cha zambarau kinachoota kwenye miamba yenye kivuli, akakipeleka kwao Ujerumani. Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, Hanover, akakitangaza mwaka 1893 kwa jina Saintpaulia ionantha. Leo kiua hicho kiko kwenye madirisha ya nusu ya dunia, na wengi wanaokimwagilia hawajui Usambara iko wapi.

Jambo jingine watu hawalijui. Kila jina la kisayansi limefungwa kwenye kielelezo kimoja: jani lililokaushwa, ngozi, au samaki aliye kwenye chupa ya spiriti. Ukibishana kuhusu jina, unarudi kwenye kielelezo. Vielelezo vingi vya mimea ya kwetu vilikuwa Berlin. Machi 1943, usiku wa mabomu, jengo lile likaungua na hazina kubwa ikawa majivu. Wataalamu wakaanza kutafuta nakala zilizokuwa zimetawanywa kwenye makabati ya nchi nyingine. Mimea yenyewe ilikuwa bado imesimama Amani, lakini shahidi wa jina lake alikuwa ameungua Ulaya.

#10 Kidau

Ahsante Mjukuu. Hilo la babu yako limenigusa.

Mwana wa Kumi na Tatu, sitabisha na wewe kuhusu nani aliandikwa na nani aliachwa. Ila uwanja haukufungwa. Mwaka 2006 wataalamu waliwatenga baadhi ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki na kuwapa jenasi mpya. Waliiita Kinyongia. Ndiyo, kinyonga wetu, kavishwa mkia wa Kilatini. Wapo Usambara, mmoja wao Kinyongia matschiei wa Usambara Mashariki, ambaye zamani alikuwa akichanganywa na wenzake wa milima mingine chini ya jina moja la fischeri.

Mwaka 2002 akatangazwa chura wa milima ya Ukaguru kwa jina ambalo hata bibi hahitaji kamusi: Churamiti maridadi. Chura, miti, maridadi! Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni utani. Kipunji naye, yule nyani wa Rungwe aliyetangazwa 2005, anaitwa Rungwecebus kipunji. Na Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana jenasi nzima, Mwasumbia, tangu 2009.

Kuhusu kubadilisha majina: kanuni haziruhusu kulifuta jina kwa sababu tu mtu halipendi. Lakini mwaka 2024, kwenye mkutano wa wataalamu wa mimea Madrid, walipiga kura kuondoa neno "caffra" katika majina ya mimea, kwa kuwa lina shina moja na tusi walilotukanwa Waafrika. Sasa linaandikwa "affra". Herufi moja imeondolewa, na ilichukua muda mrefu mno.

#11 Bi Asumini

Wanangu hamjambo. Mimi ni mzee, nasoma tu huwa siandiki. Mmetaja maua na hamjataja kilua. Kilua kwetu huwezi kukikosa kwenye harusi. Wanawake tulikuwa tukikiweka nguoni na kwenye nywele pamoja na asumini, chumba kizima kinanukia. Nacho kina jina huko kwenu?

#12 Kidau

Bi mkubwa shikamoo. Umenipa zawadi bila kujua.

Mkilua kisayansi unaitwa Mkilua fragrans. Sikukosea kuandika. Mtaalamu Bernard Verdcourt alipoutangaza mwaka 1970 hakutafuta jina la bwana mkubwa yeyote, alichukua Kiswahili kama kilivyo: Mkilua. Fragrans ni "wenye kunukia". Katika jenasi hiyo yumo peke yake, hana mwenzake. Ni mti wa misitu ya pwani yetu na ya Kenya.

Na ukoo wake Bi Asumini, utapenda: ni familia ya mstafeli na mtopetope, na mlangilangi nao ni wao. Kwa hiyo ukiweka kilua na langilangi kwenye sahani moja umewakutanisha binamu. Asumini ndiye mgeni hapo, ukoo wake ni wa mzeituni.

#13 Bi Asumini

Marahaba. Sisi tulijua vinapatana kwa harufu. Kumbe ni damu.

#14 Mwana wa Barabara ya Kumi na Tatu

Haya, kwa Churamiti maridadi nimeshusha silaha nusu. Nusu nyingine naishika.

#15 Binti Mwani

Niulize na mimi. Tunalima mwani upande wa Mkinga. Wanunuzi wanatuambia aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii bei yake nzuri lakini maji yakipata joto anakufa upesi. Juzi akaja mtafiti, akaandika majina mengine kabisa kwenye daftari. Nani anatudanganya?

#16 Kidau

Hakuna anayekudanganya, binti. Mnunuzi anatumia jina la kisayansi lililokufa. Zamani mwani hizo zilikuwa zikiitwa Eucheuma spinosum na Eucheuma cottonii, biashara ikayashika majina hayo ikaenda nayo. Wataalamu walipochunguza upya, ile ya kwanza ikawa Eucheuma denticulatum, na ile mnayoiita cottonii ikatambuliwa kuwa spishi nyingine, ikaishia kuitwa Kappaphycus alvarezii. Karatasi za utafiti zikabadilika, mizani ya mnunuzi haikubadilika. Wewe andika yote mawili, la mtafiti na la mnunuzi, usije ukapunjwa kwa kutokuelewana.

#17 Fundi Jarife

Hapo ndipo mnaponichosha mwalimu. Jina mnasema ni moja kwa dunia nzima, kisha mnalibadilisha. Changu doa ni changu doa tangu babu.

#18 Kidau

Lawama hiyo ni ya haki, na wataalamu wenyewe hulalamikiana. Ila kuna namna mbili za kubadilika, tusizichanganye.

Ya kwanza ni kosa la kuhesabu kiumbe kimoja mara mbili. Mwaka 1952 alipopatikana silikanti wa pili, Komoro, alikuwa amekosa pezi moja la mgongoni. Smith, yuleyule wa mwanzo, akamwona ni mwingine, akamwita Malania anjouanae. Malan alikuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini aliyempa ndege ya kumfuata. Baadaye ikaonekana ni kilema tu, samaki ni yuleyule. Jina la 1939 likashinda, la waziri mkuu likafa. Na kinyume chake hutokea: silikanti wa Indonesia, wa rangi ya kahawia, mwaka 1999 alitengwa na huyu wetu wa buluu akaitwa Latimeria menadoensis. Huyo naye alionekana kwanza sokoni, Manado. Wauza samaki msijidharau.

Ya pili ni pale nasaba inapojulikana vizuri zaidi. Kile kiua cha Usambara, Saintpaulia, vinasaba vyake vilipolinganishwa kilikutwa katikati ya jenasi nyingine, Streptocarpus. Huwezi kuwa na ukoo halafu ukamtoa mjukuu mmoja aliyesimama katikati na kumpa ukoo wake peke yake. Kikarudishwa nyumbani, na sasa wataalamu wengi wanakiandika Streptocarpus ionanthus.

Angalia mwisho wa neno: ionantha imekuwa ionanthus. Mwanafunzi wangu mmoja alidhani ni kosa la uchapaji. Ni upatanisho! Kilatini nacho kina ngeli zake. Jenasi ikibadilika, kivumishi kinaifuata, kama mtoto mzuri akigeuka kitoto inakuwa kitoto kizuri. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo, analo mdomoni. Nimewaona watu wa lugha nyingine wakihangaika nalo miezi.

Jina lako la changu doa halibadiliki kwa sababu halikuahidi kusema nasaba. Hilo la kwetu liliahidi.

#19 Siafu Mwekundu

Na spishi yenyewe ni nini? Hapo ndipo penye kesi.

#20 Kidau

Tafsiri ya shuleni, iliyopigiwa debe na Ernst Mayr: kundi la viumbe wanaoweza kuzaana na watoto wao nao wakazaa. Farasi na punda wanapata nyumbu, nyumbu karibu kila mara ni tasa, basi hao ni spishi mbili. (Na nyumbu wa Serengeti ni mnyama mwingine kabisa. Majina, jamani!)

Tafsiri inafanya kazi vizuri kwa ndege na wanyama wakubwa. Bakteria hawana ndoa. Mfupa wa kwenye mawe huwezi kuuozesha. Na mimea ndiyo haina adabu kabisa: chungwa la Muheza tunalojivunia ni chotara wa chenza na balungi kubwa la Asia, ndiyo maana katika jina lake huwekwa alama ya kuzidisha, Citrus × sinensis. Hata twiga, aliyekuwa spishi moja toka enzi za Linnaeus, mwaka 2016 watafiti walipendekeza awe spishi nne kwa kufuata vinasaba. Kwa hiyo Siafu, kesi yako bado iko mahakamani.

#21 Mla Ugali

Mkonge je? Niseme ni ndugu wa nanasi, sura ileile, miiba ileile.

#22 Kidau

Kanzu, Mla Ugali, kanzu! Mkonge, Agave sisalana, uko oda moja na kitunguu na shubiri. Nanasi liko oda ya nyasi, pamoja na mahindi ya ugali wako. "Sisalana" ni kutokana na bandari ya Sisal, Mexico. Richard Hindorf alileta miche hapa mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mashamba ya mkonge ya mkoa huu yalianzia kwenye miche hiyo.

#23 Mama Chumbageni

Mwalimu samahani nakurudisha nyuma. Miaka mitatu iliyopita nilinunua miche kumi ya muarobaini kwenye kitalu kimoja, sikitaji. Imekua haraka, lakini majani si machungu kama ninavyoujua muarobaini, na matunda yanakaa vishada vya manjano muda mrefu hata majani yakipukutika. Jirani anakuja kuomba majani achemshie mtoto. Nimpe?

#24 Kidau

Usimpe kwanza! Nenda uwani, chuma jani moja zima kuanzia linapoungana na tawi. Niambie: vijani vimepangwa pande mbili za kikonyo kimoja tu, au kikonyo kimetoa matawi na matawi ndiyo yenye vijani?

#25 Mama Chumbageni

Yana matawi. Jani limegawanyika, kisha limegawanyika tena.

#26 Kidau

Basi huo si muarobaini. Muarobaini, Azadirachta indica, jani lake hugawanyika mara moja tu. Ulionao una dalili zote za Melia azedarach, binamu yake, familia moja, na huko vitaluni unauzwa sana kwa jina la nduguye. Pasua tunda: muarobaini kokwa lake kwa kawaida lina mbegu moja, huu kokwa lina vyumba vinne au vitano. Matunda yake ni sumu. Watoto wasiyachezee, mbuzi wasiachiwe, na usimpe mtu majani kuchemsha. Kivuli ni kizuri, mbao si mbaya.

#27 Mama Chumbageni

Nimepasua. Vyumba vitano. Jirani nimemwambia, kanuna, anadhani namnyima.

#28 Mjukuu wa Amani

Mama, usitupe hilo tawi. Libane kwenye gazeti, weka tofali juu, andika tarehe na Chumbageni. Jirani akibisha unamwonyesha shahidi.

#29 Fundi Jarife

Mwalimu, leo nimeshusha mzigo Deep Sea. Yule muuzaji wako kasomewa uzi wote na kijana wake, kimya, mpaka mwisho. Kasema changu wapo, uje Jumamosi. Ila bei ileile, kwa kuwa umeshasema mwenyewe kuwa yeye na changu hawana undugu.